Mama wa Mama Mkwe Wangu

Kitambulisho changu kina jina la baba yangu, na ndoa haikuligusa. Kwenye kadi za mialiko ninaandikwa Madame, halafu jina la bwana. Lakini kwetu Lubumbashi, jina ambalo ndoa inakupa kwelikweli huja na mtoto: wewe unakuwa Mama wa fulani, bwana wako Baba wa fulani. Mwaka wa nne wa ndoa yetu, huyo fulani alikuwa bado.

Siku moja palikuwa na kilio kwa jirani aliyefiwa, hapa mtaani Katuba. Wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba na masufuria yetu. Mama mmoja wa mtaa wetu, fundi wa kupanga watu, ndiye aliyegawa kazi. Huyu samaki, yule maji. Kila mmoja alimwita kwa jina la mtoto wake. Alipofika kwangu akasimama.

"Na huyu tumuite Mama nani? Mama Bure?"

Wakacheka. Mimi si mtu wa kumeza maneno, jamani. Niliinuka na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi, na Mungu anajua ungetua wapi.

Mama mkwe wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hata kinu hakukiacha.

"Ye iko na jina," akasema. "Ye njo mama yangu. Mumuite na jina yangu."

Kwao, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Aliyemzaa mtoto mwenye jina lako, ni kama amekuzaa wewe, na unamwita mama. Kwa kuniita mama yake, alinipa cheo kabla ya mtoto. Njiani tukirudi nilimwuliza: je, mtoto asipokuja?

"Mutoto akikawia, mimi niko."

Jina likashika: nikaitwa Mama wa, halafu jina lake. Bwana wangu naye akawa baba wa mama yake mzazi, na rafiki zake wakamtania mpaka basi. "Kumbe umezaa mama yako!" Yeye akawajibu, "Na bado hanisikii."

Miaka ikapita, mtoto hakuja. Tulizunguka kwa madaktari, tukafunga na kuomba, tukanywa hata mizizi iliyotoka mbali, kule Mitwaba. Wakwe wengine wangemtafutia mwana wao bibi mwingine. Wangu aliniletea mahindi mabichi ya shamba lake, akaniita kutoka barabarani ili mtaa wote usikie: "Mama! Mama wee!" Niliweza kutembea kichwa juu kwa ajili yake, na sijui deni la namna hiyo hulipwa na nini.

Amefariki mwaka huu, wakati wa baridi. Kwenye kilio chake nilikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye moto, maana mkwe ni mtu wa kazi. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia hata bwana. Mwenye jina ameondoka. Mimi sasa nitaitwa nani?

Nikashika mwiko. Yule aliyeniita Mama Bure alikuwa pale, amezeeka, miguu imevimba. Akaja kwangu polepole, akaniita Mama wa, na jina la marehemu lote, mbele ya watu.

"Lete mwiko," akasema. "Muntu wa kufiwa na mutoto hapikake."

Akanishika mkono mpaka mkekani, wanapoketi wafiwa. Nikaketi, nikamlilia mwanangu.