Picha ya Mashujaa Sebuleni Kwangu

Saa tisa na robo alasiri kamati ilibisha hodi nyumbani kwangu Kadutu, mtaa wa Waafrika mjini Bukavu. Walikuja kukagua kama ninastahili karte ya mérite civique, ile ambayo Wabelgiji humpa Mwafrika waliyemwona "amestaarabika", naye haadhibiwi tena kwa fimbo ya serikali. Walikuwa watatu: ajenti Mbelgiji wa serikali, padri, na sarja mstaafu aliyepigana na Wajerumani kule Tabora.

Vitabu na vitanda viliwaridhisha. Kisha ajenti akasimama mbele ya picha kubwa ya vita, niliyoinunua kwa Mgiriki mpiga picha. Haikuwa na maandishi. Mgiriki alitaka kunieleza habari zake, nikamkatiza, maana niliona aibu kufundishwa na muuza duka. Nyumbani niliichunguza kwa lenzi siku tatu: kofia, mikanda, hata sharubu za afisa. Nikahitimisha kwamba ni askari wetu wa Kongo wakiingia Tabora, mji waliowanyang'anya Wajerumani mwaka 1916.

"Ni mashujaa wetu," nikawaambia wageni. "Watoto wangu huwapigia saluti kila asubuhi."

Sarja akavaa miwani, akasogea.

"Papa, na wewe unawapigiaka saluti?"

"Kila siku, sarja."

"Angalia ile ndege ku kofia, ile tai ya Wajerumani."

Mimi nilidhani ni doa la wino.

"Hawa haiko watu yetu, papa. Iko askari ya Wajerumani. Ni hawa walinipiga risasi ku mukono."

Ajenti alikuwa amekwisha kufuta neno moja kwenye fomu yangu. Akaniuliza, bila kuinua macho, picha hiyo niliinunua kwa bei gani.

"Faranga mia mbili na arobaini," nikajibu, "pamoja na fremu."