Mgongo Safi

Sebuleni kwa mama kuna picha mbili ukutani. Moja ni yangu, nimevaa joho na kofia ya mahafali, nimetabasamu kama mtu aliyemaliza vitabu vyote duniani. Nyingine ni ya dada yangu mkubwa, ameshika upanga mbele ya gwaride la maafisa wapya. Ya kwake ina fremu kubwa zaidi. Aliinunua mwenyewe, akaja na nyundo na msumari, akaitundika juu kidogo ya yangu. Mama akamtazama akishuka kwenye kiti, akamuuliza, "Haya, sasa roho imetulia?"

Haikutulia. Najua kwa nini, maana alinisimulia mwenyewe jikoni, likizo yake ya kwanza baada ya kupata uafisa, huku akimenya vitunguu ili apate kisingizio cha machozi.

Dada yangu ana wivu. Simsengenyi, mwenyewe anajua. Nilipozaliwa aliuliza nitarudishwa lini. Mama akimsifia binti wa jirani kwa kufua, dada alikuwa anatoa nguo zote kabatini, hata zilizo safi, anaanza upya. Wivu wake haukuwa wa kununa kitandani, ulikuwa wa kufanya kazi, na kusema kweli nyumba nzima tulifaidi. Kwetu masufuria yaling'aa kwa sababu ya masufuria ya watu.

Baba alipofariki, dada ndiyo kwanza alikuwa amemaliza sekondari. Akaingia jeshini, mimi nikaendelea na shule kwa mshahara wake mpaka chuo kikuu. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemshukuru ipasavyo, mimi nikiwa wa kwanza. Siku ya mahafali yangu alikuja na sare yake, tepe za ukoplo mkononi, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Jioni picha ilipotundikwa, alisimama mbele yake muda mrefu. "Umependeza," akasema, kwa uso wa mtu aliyeng'ata ndimu.

Kwa hiyo jeshi lilipomchagua kwenda chuo cha maafisa, mwaka wa mwisho ambao umri wake ulikuwa bado unaruhusu, dada hakuwaza mshahara wala cheo. Aliwaza ukuta wa sebule. Katika kila mkupuo wa maafisa wapya, mmoja huchaguliwa kuongoza gwaride la kufunga mafunzo. Huyo hushika upanga, husimama peke yake mbele ya wote, na mpiga picha humlenga yeye. Dada aliutaka upanga ule kabla hata hajafunga begi.

Getini vyeo vyote hukoma. Aliyekuwa koplo na aliyetoka mtaani jana wote wanakuwa kuruta, wananyolewa, wanakimbizwa. Dada alizibandua tepe zake, akazificha kwenye kopo la sabuni. Wenzake wakamwona, na tangu siku hiyo wakambatiza Koplo Mstaafu.

Kisha wakapewa mapacha. Chuoni pale kila kuruta hupewa mwenzake mmoja, vitanda vyao hukaa ubavu kwa ubavu, na adhabu ya mmoja huliwa na wote wawili. Kazi kubwa ya pacha ni mgongo. Bwenini hakuna kioo isipokuwa kile kidogo cha kutazamia uso, na mtu hawezi kuona kola yake imekunjikaje nyuma, wala mkanda umekaaje. Basi kila asubuhi kabla ya kutoka unamgeuzia pacha mgongo, anakupitia kwa macho na vidole, halafu anasema, "Mgongo safi." Bila maneno hayo hutoki mlangoni. Na likionekana kosa nyuma yako, anayeulizwa kwanza ni yeye.

Sajini Meja aliyewafundisha, ambaye makuruta walimwita Pasi kwa sababu mkunjo wa suruali yake ungeweza kukata mkate, aliwaeleza jambo hili siku ya kwanza. "Nyani haoni kundule," akasema. "Ndiyo maana nimekupeni nyani wa pili."

Pacha wa dada alikuwa msichana aliyetoka chuo kikuu moja kwa moja, viganja laini kama vya mtoto. Wakamwita Msomi. Wiki ya kwanza alikuwa balaa. Akiambiwa atembee kijeshi, mkono wa kulia ulikwenda na mguu wa kulia, akawa anayumba kama kabati linalohamishwa. Blanketi lake likikunjwa lilionekana limemeza kitu. Kila alipokosea, dada naye alipiga pushapu.

Dada hakuwa na la kufanya ila kumfundisha. Alimwonyesha kutandika kitanda mpaka shuka ikawa kama ngozi ya ngoma. Alimfundisha kung'arisha buti, kula haraka bila kupaliwa, na kulala ameshaandaa soksi. Alimshika mikono nyuma ya bweni akaitembeza, kushoto, kulia, kama anafundisha mtoto hatua. Na alifurahi. Aliniambia hivyo bila aibu: alifurahi sana kipindi kile, kwa sababu Msomi alikuwa hajui kitu.

Tatizo ni kwamba Msomi alijifunza.

Akajifunza upesi, kisha akapita. Siku ya kwanza ya kutoa amri uwanjani, kila mmoja alisimama mbele akaita kikosi. Sauti ya dada ilikuwa nzuri, safi, ya koplo aliyezoea. Akaja Msomi, kifua chembamba vile, akafungua mdomo, na kikosi kizima kikageuka kabla hakijajua kimegeuka. Hata wapishi walichungulia dirishani. Pasi akasema, "Rudia." Haikuwa adhabu. Alitaka kusikia tena.

Dada alikuwa safu ya mbele. Anasema alihisi kitu kikimkaa hapa, akanionyesha chini ya kifua kwa kisu cha vitunguu. Kijiba cha roho, ndiyo jina lake, na kilimkaa mpaka mwisho wa mafunzo.

Mazoezi ya porini yakamaliza kazi. Kila kuruta alipewa ramani na kikosi kidogo, akaambiwa akifikishe ng'ambo ya kilima. Dada alifika njia panda, akaisoma ramani sawasawa, akajua kabisa ni kushoto. Lakini kabla ya kusema alitupa jicho nyuma, kidogo tu, kama anamtafuta mtu. Pasi aliyekuwa akiwafuata aliliona.

"Unamtafuta nani?"

"Hakuna, afande."

"Unamtafuta afisa," Pasi akasema, bila ukali. "Miaka yote hiyo umezoea kuamriwa. Afisa ni wewe sasa, binti. Nyuma hakuna mtu."

Msomi kwenye njia panda yake hakutazama nyuma. Alikwenda kulia, ikawa siko, akagundua, akageuza kikosi chake akafika amechelewa. Pasi akamsifu. Hebu fikiri. Aliyekosea njia akasifiwa, aliyejua njia akaitwa binti. Dada alilala na hilo, akaamka nalo, akalifunga pamoja na kamba za buti. Ikawa hata Msomi akicheka, dada anaona meno yamezidi. Akipata barua, barua ndefu. Akiomba chumvi, anajidai. Hasidi hana sababu, walisema waliosema, lakini dada yangu alikuwa nazo, anazikusanya kila siku kama kuni.

Mafunzo yalipokaribia mwisho, majina ya upanga yakabaki mawili, na bila shaka umeshayajua. Mkuu wa chuo angewakagua wote wawili asubuhi moja pamoja na Pasi, sare, buti, amri, kisha aamue.

Asubuhi hiyo bweni lilikuwa kelele tupu. Msomi alimkagua dada kwanza, akamnyoosha kola, akasema, "Mgongo safi." Halafu akageuka.

Dada akapitisha vidole mabegani, sawa. Kola, sawa. Akashuka kiunoni. Mkanda ulikuwa umeruka kitanzi cha katikati cha suruali, kile cha nyuma kabisa ambacho hata ujikunje vipi hukioni. Kitanzi kilining'inia wazi juu ya mkanda. Kuruta wa wiki ya pili angekiona. Vidole vya dada vikasimama pale.

Hakupanga, anasema, na mimi namwamini, kwa sababu angepanga angekumbuka sheria. Wivu haupigi hesabu mpaka mwisho. Aliona kile kitanzi, akaona na picha ya ukutani, na mdomo ukasema wenyewe:

"Mgongo safi."

Wakatoka.

Mkuu wa chuo alimzunguka Msomi taratibu, na alipofika nyuma akasimama. Akamwita Pasi kwa kidole. Pasi akatazama, uso wake ukakunjamana kuliko suruali yake ilivyowahi kukunjamana.

"Nani pacha wako?" akauliza, ingawa alimjua.

Hapo ndipo sheria ilipomrudia dada kichwani, yote, kama maji ya ndoo. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kosa la mgongoni linaulizwa kwa pacha, na aliyesema mgongo safi kwa mgongo mchafu si mzembe tu, ni mwongo, na mwongo hapewi upanga, pengine hapewi hata nyota. Akafungua mdomo, hajui atasema nini.

"Hakunikagua, afande," Msomi akasema, macho mbele. "Nilichelewa, nikatoka bila kukaguliwa. Kosa ni langu."

Kutoka bila kukaguliwa lilikuwa kosa kubwa kuliko kitanzi. Msomi alizungushwa uwanja na godoro kichwani mpaka jua likawa kali, na jina lake likafutwa. Upanga akapewa dada, pale pale, na mkuu wa chuo akampa mkono.

Dada alimngoja bwenini. Msomi aliingia, akalishusha godoro, akaanza kutandika. Shuka kama ngozi ya ngoma.

"Pacha," dada akasema, "pale asubuhi..."

"Nilijua umeona," Msomi akasema, hakugeuka. "Vidole vyako vilisimama."

Msomi akanyoosha shuka kwa kiganja.

"Ulinifundisha kitanda, ukanifundisha kutembea. Bila wewe ningerudishwa nyumbani wiki ya kwanza. Sasa tumemalizana, Koplo." Akapachika pembe ya shuka chini ya godoro, akaenda kuoga.

Tangu hapo hakumsemesha ila kwa kazi. Hakumsema kwa mtu, hakumnunia mbele za watu. Kila asubuhi alimkagua mgongo, akageuza wake ukakaguliwa. Dada angependa atukanwe. Tusi lina majibu.

Siku ya gwaride la kufunga mafunzo, mimi na mama tuliwahi viti. Mama alikuwa amevaa viatu vinavyombana na hakulalamika hata mara moja. Bwenini, ambako sikuwepo, dada alikuwa amevaa koti la sherehe na mkanda mweupe, upanga kiunoni, amemgeuzia Msomi mgongo. Msomi alichukua muda. Alipita mabegani, akapita kola, akashuka kiunoni, na pale katikati, mahali pale pale, vidole vikasimama. Vikakaa. Kisha vikaondoka.

"Mgongo safi."

Filimbi ikalia. Dada angemwomba mwingine amtazame? Amwambie nini, kwamba hamwamini pacha wake? Hata muda haukuwepo.

Kwa hiyo dada yangu aliongoza gwaride lile lote akiamini kwamba nyuma yake kuna kitu. Sisi tuliona upanga unapanda na kushuka, tukasikia sauti yake ikizunguka uwanja, na hakutazama nyuma hata mara moja. Pasi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hakujua kwamba mwanafunzi wake alikuwa anahisi mgongo mzima unawaka, anajiuliza ni kitanzi, ni kola, ni karatasi imebandikwa, na kwamba kila mguu uliokuwa ukipiga chini nyuma yake aliusikia kama kicheko. Dada mwenyewe angefanya nini kama zamu ya kukagua ingekuwa yake, alilijua jibu. Alikuwa ameshalijibu.

Msomi alikuwa safu ya tatu. Ukiitazama vizuri picha ya sebuleni, utaona nusu ya uso wake.

Baada ya nyota kuvishwa, ndugu tuliruhusiwa kushuka uwanjani. Mama alimkumbatia, akalia, akamwambia maneno ambayo dada alikuwa ameyangoja tangu siku niliyozaliwa: "Leo sijaona mtu mwingine, mwanangu. Nimekuona wewe tu." Nilidhani angeyeyuka. Lakini alimshukuru haraka haraka, akanishika mkono, akanivuta pembeni, akageuka.

"Nitazame mgongo."

"Una nini?"

"Nitazame, mdogo wangu. Kuna nini?"

Nikatazama. Kola imelala sawa. Mkanda umenyooka, umepita kila kitanzi. Koti halina kunyanzi, halina vumbi, halina hata unywele mmoja. Hajawahi mtu kuandaliwa mgongo namna ile.

"Hakuna kitu," nikamwambia.

"Tazama tena. Kiunoni, katikati."

Nikainama nikatazama tena, nikapapasa kwa kidole. "Dada, mgongo safi."

Aligeuka polepole. Ng'ambo ya uwanja Msomi alikuwa anacheka na baba yake, kofia mkononi, nyota zake mpya zinameta sawasawa na za wengine. Dada alimtazama kwa jicho lile ninalolijua, lile la mbele ya picha yangu, ila safari hii lilikuwa baya zaidi, na upanga ulikuwa mkononi mwake yeye.

"Angeniachia hata uzi mmoja," akasema.