Kofia ya Gebhard mbele ya Barafu

Kwanza, hapakuwa na mwanamume yeyote ndani ya gari lile. Pili, safari haikugharimu yuro elfu tisa, wala urithi wa watoto wa marehemu haukuliwa. Siku sita, kutoka Hinterbronnen kupitia Austria hadi Uswisi na kurudi, zilikula yuro mia saba na themanini na kitu, mafuta yakiwemo. Anayetaka risiti aje mlangoni mchana aziombe kwa adabu. Yanayosemwa dukani kwa mwoka mikate yanatoka kwa watu walioona kofia wakadhani wameona bwana.

Irmtraud Häfele alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote jina la Häfele halikutajwa hapa mjini ila kwa heshima. Mumewe, Gebhard, alifariki Novemba. Aliacha gari-nyumba jeupe alilolinunua kwa ajili ya ahadi moja: kumpeleka mama yake, Kreszenz, kwenye barafu kubwa ya mlimani unakotoka mto Rhône. Huko, akiwa binti wa miaka kumi na saba, Kreszenz alitandika vitanda majira mazima ya joto katika hoteli iliyokuwa karibu na barafu kiasi kwamba ukifungua dirisha asubuhi baridi yake inakupiga usoni.

Sasa alikuwa na miaka themanini na saba, na macho yake yalikuwa yakifa kuanzia katikati. Kila alichokitazama kiligeuka doa la kijivu. Pembeni tu palikuwa bado na nuru. Daktari alisema doa litaendelea kupanuka, na hakuahidi chochote baada ya kiangazi hicho.

Kwa hiyo Irmtraud, ambaye hakuwahi kuendesha kitu kikubwa kuliko gari la kwendea sokoni, alijifunza kulirudisha gari-nyumba nyuma katika uwanja wa zimamoto, Jumapili tatu mfululizo. Kisha akapakia viazi, dengu, tambi za nyumbani na mtungi wa gesi.

"Chumvi umechukua?" aliuliza mama mkwe kabla hawajamaliza mtaa.

"Nimechukua, mama."

"Maana Waswisi wangeweza, wangekuuzia hata kivuli."

Bibi alikuwa amevaa koti la Gebhard na kofia yake ya kijani, ameivuta mpaka masikioni. Alidai upande wake hita haifanyi kazi. Hita ilikuwa ikifanya kazi vizuri kabisa. Irmtraud akakanyaga mafuta.

Kwenye mpaka wa Uswisi walinunua stika ya barabara kuu, faranga arobaini.

"Ni ya mwaka mzima," Irmtraud alieleza.

"Mwaka mzima? Umemwambia muuzaji tunakaa siku nne?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema basi turudi tena."

Kreszenz alicheka mpaka kofia ikamfunika pua.

Baada ya hapo mazungumzo yalipungua. Milima iliisogelea barabara kutoka pande zote mbili, na Irmtraud, aliyejua kimo cha kila kilele kwa kichwa, aligundua kwamba tarakimu hazimsaidii kitu. Mita elfu tatu ni neno la ubaoni. Pale barabarani ilikuwa ni kuinamisha shingo mpaka kidevu kikagusa usukani, na bado usiuone mwisho wa jiwe. Maporomoko ya maji yalining'inia juu yao bila kutoa sauti, kwa sababu yalikuwa mbali mno. Mara mbili alisimamisha gari pembeni, si kwa kuchoka. Alitaka kutazama juu bila kushika usukani.

Waliweka kambi chini ya barabara ya mlimani ya Furka, na ukungu ukashuka. Siku ya kwanza hawakuona hata choo cha kambi. Siku ya pili ikawa vilevile.

"Faranga arobaini na sita kwa usiku mmoja," alisema Kreszenz, akikoroga dengu, "kutazama ukungu kama maziwa. Kwetu lita moja ni yuro moja na senti. Twende nyumbani, mwanangu."

"Ijumaa una sindano ya macho. Lakini kesho bado tuna siku moja."

"Na kesho ikiwa maziwa tena?"

Irmtraud alimtazama. Mkono wenye mwiko ulikuwa umesimama. Hapo akaelewa kwamba bibi hakuwa akilalamikia faranga. Alikuwa akiogopa kufika, kutazama, na kutoona kitu.

"Kesho tunapanda," alisema. "Hata kama ni kupanda kunusa."

Walipanda asubuhi, kona baada ya kona, taa zikiwaka, ukungu ukikaa kwenye kioo kama pamba. Irmtraud aliegesha kando ya hoteli ile ya zamani, ambayo sasa imefungwa mbao madirishani. Wakashuka, wakashikana mikono, wakasimama kwenye ukuta wa mawe. Upepo ulikuja mara moja, mkavu.

"Ndiyo hiyo," Kreszenz alinong'ona. "Inapumua."

Ukungu ulianza kuondoka kutoka chini. Kwanza likatokea ziwa la rangi ya maziwa ya mbuzi. Kisha mwamba mtupu, uliosuguliwa ukalainika. Kisha, juu, pale Irmtraud alipodhani ni anga, ikatokea barafu: buluu, yenye mipasuko ambayo nyumba ingeingia, ikipanda na kuendelea kupanda mpaka akaona aibu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amechora kitu hiki kwa chaki ya buluu, akiwapa watoto alama kwa kukijua.

"Iko palepale?" aliuliza Kreszenz.

Irmtraud hajawahi kumdanganya mtu darasani wala nje ya darasa. "Hapana, mama. Imerudi nyuma. Mbali sana."

"Hata mimi," alisema bibi. "Shika kichwa changu."

Ili aione barafu, ilimbidi asiitazame. Irmtraud alimshika mashavu, akamgeuza taratibu kuelekea kwake, mpaka barafu ikaangukia kwenye ile pembe yenye nuru. Wakasimama hivyo uso kwa uso, shubiri moja kati yao, bibi akimkodolea macho mkwewe bila kumwona, huku akiiona barafu yote.

"Buluu," alisema. "Mungu wangu, bado ni buluu."

Kisha akaigusa kofia ya mwanawe, akasema maneno mengine kwa sauti ya chini. Walikaa hapo saa nzima.

Upande wa pili wa maegesho walikuwapo Knaupp na mkewe, wa hapa mjini, waliosoma herufi za wilaya yetu kwenye namba ya gari, wakaiona na kofia ya kiume.

Jumamosi Irmtraud alipokuwa akifagia mbele ya nyumba, maana wiki hiyo ilikuwa zamu yake, Bi Knaupp alisimama na kikapu.

"Tuliwaona kule juu, Bi Häfele. Mwaka wa maombolezo haujaisha, na mnatazamana kama wachumba."

"Yule ni mama mkwe wangu. Alikuwa anatazama barafu."

"Anatazama barafu kwa kukutazama wewe?"

Irmtraud alimweleza habari ya macho, neno kwa neno, kama kwa mwanafunzi mzito. Bi Knaupp akashusha kikapu.

"Jamani. Masikini. Na midomo ilikuwa ikimtembea. Alikuwa anakwambia nini?"

"Hakuwa akiniambia mimi," alisema Irmtraud, "na wewe sikwambii." Akaendelea kufagia.