Nusu ni ya Nani?

Mwalimu Prudensia, mzaliwa wa Muleba, anafundisha hisabati darasa la saba huko Nyakasimbi, na hajawahi kukosea. Habari hiyo ameitoa yeye mwenyewe, kwa hiyo ni ya kuaminika.

Siku moja chaki zilikuwa zimekwisha, akasoma mlinganyo kwa mdomo: "Mbili na nusu x, toa tatu, ni sawa na saba. Tafuta x." Kichwani mwake mbili na nusu ilikuwa namba mchanganyiko, kitu kimoja kinachozidisha x, na jibu ni nne. Joviana, ambaye wenzake humkimbilia wakikwama, aliandika mbili, akajumlisha nusu ya x, akapata kumi na sita. Wengi wakapata hivyo hivyo.

"Jibu ni nne, si kumi na sita!" alisema Prudensia. "Huo ndio umri utakaomalizia nao darasa hili. Kapalilieni migomba ya shule, akili zipate hewa."

Tangu siku hiyo Joviana hakunyoosha tena mkono, na wenzake wakaacha kumuuliza.

Jumamosi Prudensia alipita dukani kwa Mbonimpa. "Nipe sukari kilo mbili na nusu ya mchele."

Mbonimpa alikuwa ameshaanza kupima. Akasita. "Mwalimu, hiyo nusu ni ya sukari au ya mchele? Maana 'na' yako inashika kotekote."

Uso ulimwaka. Aliondoka bila sukari, na bila mchele. Kesho yake kanisani, waumini walipoungama, yeye aliungama dhambi za jumla.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa.

"Ule mlinganyo niliusoma vibaya. Kwa nilivyotamka, hata kumi na sita ni sahihi. Joviana, nisamehe, mwanangu."

Darasa zima likatazama chini, kama watoto waliomkuta mkubwa anaoga. Joviana akainuka, mikono nyuma.

"Hapana, mwalimu. Mimi ndiye ambaye sikusikia vizuri."

"Ulisikia vizuri."

"Nilikosa, mwalimu. Sitarudia."

"Tulikosa, mwalimu," wakaitikia wenzake kwa sauti moja, kama alivyowazoesha.

Prudensia akampa Joviana chaki. "Njoo uandike jibu lako. Lile lako mwenyewe."

Joviana akaenda ubaoni. Akaandika, kwa mwandiko safi: x = 4. Kisha akageuka kumtazama mwalimu usoni, aone kama amepatia.