Bibi Alipomwita Zawadi Mke Mwenza

Usiku ule wa kuamkia upasuaji wangu wa pili nililala wodini nimenuna. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo Zawadi, wa miaka kumi na minne kama mimi, akisubiri kuruhusiwa kwenda kwao. Tulivunjika nyonga mwezi mmoja, daktari mmoja akatufunga skrubu. Mfupa wake ukaunga, wangu ukagoma. Sitaki kumsingizia, hajawahi kunicheka. Labda mara moja, na mimi ndiye niliyeanza kumwita Twiga.

Nikamwona Bibi, mama yake baba, aliyefariki mwaka uliopita. Kijijini alikuwa akiunga watu mifupa. Aliingia na bakuli lake la mafuta ya nyonyo, nikanyoosha mguu. Akanipita. Akaketi kwa Zawadi.

"Hujambo, mke mwenzangu?"

Jina hilo langu! Mabibi wengi huwatania hivyo wajukuu wa kike, lakini yeye hakumwita hivyo mwingine ila mimi. Sasa wodi ni jiko lake, moshi unaniwasha macho, anamkanda Zawadi taratibu, na mimi naona wivu, sijui niueleze vipi.

"Bibi, mimi ndiye sijaunga!"

"Wako nitaukandaje, na umeuficha?"

"Nimeuficha wapi?"

"Nani alikanyaga?"

Daktari alikuwa amenikataza kuukanyagia mguu ule. Lakini Zawadi alipoanza kutembea na gongo moja, mimi nilikwenda msalani bila magongo kabisa, ili nimzidi. Mara tatu. Pengine nne. Daktari aliponiuliza nilikana.

"Kesho watakukata mfupa, wauelekeze upya, wakaze bamba la chuma," Bibi anasema, hageuki. "Kazi hiyo mimi sikuiweza. Ila ukiwaficha, watamtibu msichana mwingine, si wewe. Kaseme, mke mwenzangu."

Hilo la mwisho sijui aliniambia mimi au Zawadi. Siwezi kuapa.

Niliamka nesi akinipima presha.

"Dada, naomba niitie daktari kabla sijapelekwa," nikasema. "Nilikanyaga."

Nesi akanitazama, akatoka mbio. Zawadi naye alikuwa macho.

"Nilikuona," akasema polepole. "Nilidhani umepona kabla yangu. Siku ile, kwa wivu, hata uji sikunywa."