Nchi Isiyo na Askari

Blanketi la sufu likilowa mvua hutoa harufu ya kondoo, harufu nzito isiyotaka kutoka puani. Juzi mjukuu wangu hapa Songea, mtaani Lizaboni, alisahau lake kwenye kamba, na nilipoliingiza ndani nikamkumbuka Sista Agata wa misheni na shali yake. Wenye haraka nendeni zenu. Wengine karibuni, ketini.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, lakini njaa ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Wajerumani walimnyonga baba yangu hapahapa Songea pamoja na wenzake, kisha askari wao wakachoma maghala ya mahindi, wakachoma hata mbegu. Mama naye akafa. Nikabaki na Bibi, mama yake baba, tukaishi kwa ming'oko, vile viazi vya porini vinavyochimbwa mpaka kucha zinang'oka. Miguu yangu ikavimba. Misheni waligawa uji, na harufu yake ilitufikia mpaka nyumbani, lakini Bibi alikataa katakata. "Watu walioninyongea mwanangu hawatanilishia mjukuu," alisema. Jamani, niliulilia uji ule kuliko nilivyomlilia baba!

Asubuhi moja ya manyunyu Sista akaja mwenyewe, shali imelowa chepechepe, ananuka kondoo mzimamzima. Akampa Bibi shikamoo. Bibi akageuza uso asiitikie, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu. Sista hakuondoka. Akachuchumaa mlangoni, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba yeye si Mjerumani. Kwao ni Liechtenstein, jina ambalo ulimi wangu umelikataa mpaka leo. Ni kanchi kadogo kwenye milima mirefu ya Ulaya; ukianza kukavuka asubuhi kwa miguu, jioni umeshakamaliza. Na milima yenyewe huko juu ni myeupe kana kwamba imemwagiwa unga. Nikameza mate. Moyoni nilikuwa nimeshafika huko, nauchota mlima kwa viganja viwili.

Bibi naye uvumilivu ukamshinda. "Askari wenu wangapi?"

"Hatuna, mama. Mtawala wetu aliwarudisha mashambani zamani, kabla sijazaliwa."

Bibi akaguna. Kisha maswali yakafuatana. Nywele zako nani alizikata? Masista wakubwa. Hilo jina alikupa mama yako? Hapana, nilipewa nilipoingia kwao. Mume? Watoto? Sina. Na kwenu utarudi lini? Sista akatazama chini, akasema labda hatarudi tena.

Hapo ngoja niwaeleze kitu. Bibi hakuzaliwa Mngoni. Alizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, Wangoni wakamteka akiwa mdogo, wakamnyoa, wakampa jina la ukoo wao, na mama yake hakumwona tena. Basi akamtazama yule mwanamke kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Masikini! Kumbe na wewe walikuteka!" akasema. "Nchi haina askari, wataachaje kuwachukua?" Akanigeukia. "Haya, nenda naye. Uji wa mateka mwenzangu sikukatazi."

Sista akafungua mdomo kutaka kukanusha, akaiona miguu yangu, akaufunga.

Nilikwenda siku ile, nikaendelea kwenda mpaka mahindi mapya yalipokomaa. Kila siku nilimletea Bibi uji wake kwenye kibuyu. Alikipokea, akakinusa, akanirudishia niumalizie, akisema tumbo lake limeshazoea ming'oko na vitu vya kizungu litavitapika. Nilikuwa mtoto mwenye njaa, sikubishana naye. Mahindi mapya yeye hakuyaona.

Ukubwani nilipenda kuwasimulia watu kisa hiki kwa kicheko: jamani, bibi yangu wa zamani zile, alidhani sista ni mateka! Na wao walicheka, maana nani asiyejua kwamba masista huja kwa hiari yao? Nimekuja kuacha kucheka baada ya kulea wajukuu mimi mwenyewe. Bibi hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa anatafuta namna ya kunilisha bila kumsaliti mwanawe, na ile nchi ndogo ya milimani ikampa namna. Angekuwa ameamini kweli kwamba uji ule ni wa mateka mwenzake, angeunywa.