Nukta Kumi za Kalsiamu

Eustadia alishuka kwenye bodaboda mbele ya shule ya kata, Goweko, daftari la marehemu mumewe kwapani, na hasira iliyomkaa kifuani tangu Jumapili. Siku hiyo, nje ya kanisa, mama mmoja alimwambia kwa tabasamu kwamba mwalimu mpya wa kemia anasema mchoro wa mumewe, Mwalimu Zablon, una makosa, na mkuu wa shule ataupaka chokaa, pamoja na jina lililoandikwa chini yake.

Miaka kumi na tisa mchoro ule wa kloridi ya kalsiamu ulikuwa kwenye ukuta wa shule. Zablon alisomea historia. Misafara ya Wanyamwezi kwenda pwani aliijua kambi kwa kambi. Shule ilipokosa mwalimu wa kemia, yeye ndiye aliyefungua kitabu asichokisomea, akafundisha. Leo binti wa juzi amwaibishe?

Mwalimu Asnath, huyo mpya wa kemia, alimkuta amesimama mbele ya mchoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe unayemtukana mume wangu?"

"Sijamtukana, mama. Nilisema kalsiamu imekosewa."

"Imekosewa na fundi aliyerudia rangi mwaka juzi. Soma fomula: kalsiamu moja, klorini mbili. Kosa liko wapi?"

"Fomula ni sahihi. Hesabu nukta za elektroni."

Eustadia akahesabu kwa kidole. Duara la kwanza mbili, la pili nane, la tatu kumi.

"Fundi huyo nitamfuata hadi kwake," alisema, akafungua daftari kwenye mchoro wa asili.

Wino wa bluu, mkono wa Zablon. Mbili, nane, kumi.

"Alijua ganda la tatu, yaani duara hili, linaweza kubeba hadi kumi na nane," Asnath alisema taratibu, "akaendelea kulijaza. Lakini hapa likifika nane linatulia, na mbili zilizobaki huanza ganda la nne. Hizo ndizo kalsiamu inazotoa, moja kwa kila klorini. Hata kwa mchoro wake, ukitoa mbili zinabaki nane. Ndiyo maana fomula ilitoka sawa, hakuna aliyeshtuka."

"Usinifundishe. Nilisoma kemia kabla mama yako hajaolewa."

Na hilo ndilo lililomchoma Eustadia. Hasira ilimwacha Asnath, ikamgeukia Zablon. Usiku mzima alichora, mke wake mwenye cheti cha maabara akiwa chumba cha pili, asimwulize. Mwanamume na majivuno yake. Na yeye je? Mara ngapi alipita hapa akasoma jina tu, akaenda zake kifua mbele?

Mkuu wa shule alikuja akifikicha mikono. "Mama, tutapaka chokaa, yaishe. Tunawasitiri."

"Mnamsitiri nani? Mkipaka, watu watasema alikuwa na la kufichwa. Leteni rangi."

Rangi na brashi vilipoletwa, Eustadia akafuta nukta mbili za duara la tatu, akachora duara la nne, akazirudisha humo. Kisha akamsukumia Asnath brashi.

"Andika chini ya jina lake: umesahihishwa. Halafu jina lako."

"Langu, mama? Si lako?"

"Kosa umeliona wewe. Mwenzio alikosea jina lake likiwa hadharani. Na wewe sahihisha hadharani, siyo kunong'ona darasani. Andika."

Asnath akainama, akaandika.